Sauti ya Kisima Kikavu

Sehemu ya Kumi na Moja

Waliokuwapo uani kwa Mama Dadi, mjini Newala, Jumamosi ile alasiri, walikuwa watano.

Wa kwanza ni Anjelina mwenyewe, ambaye mtaa mzima humwita Mama Dadi, mwenye lebo ya muziki ya Kiangazi Rekodi. Wa pili ni Nickson, fundi wa mitambo, mzaliwa wa Bukoba, aliyeletwa Newala kufundisha fizikia akaiacha chaki kwa ajili ya nyaya. Hata hivyo wote humwita Mwalimu. Wa tatu ni Sabina, mwimbaji kutoka Chiwata. Wa nne ni Loyce, mjumbe wa kampuni ya Dar es Salaam inayosambaza muziki. Wa tano ni Devotha, mama mzazi wa Anjelina, aliyeketi mlangoni mwa jiko akikwangua udongo wa ming'oko, vile viazi vya porini. Yeye huitwa Mama January, kwa jina la mwanawe wa kwanza, ambaye hakuwapo.

Namwomba msomaji aishike orodha hiyo. Watu walikuwa watano. Sauti zilikuwa sita.

Tulipoachana wiki iliyopita, Sabina alikuwa ndio kwanza amepanda kutoka kisimani, jasho likimtiririka, na Nickson alikuwa akivua hedifoni kana kwamba zimemchoma masikio. Alisema maneno haya tu:

"Yule wa pili ameimba tena. Ila leo ametamka."

Loyce alikuwa wa kwanza kusogea.

"Ametamka nini?"

"Afadhali usikie mwenyewe, dada."

"Mimi sisikilizi," Sabina alisema. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta wa jiko. "Nilikuwa humo ndani peke yangu. Nikisikia kwamba sikuwa peke yangu, nani atanirudisha tena?"

Kwa faida ya anayetufuata leo kwa mara ya kwanza, nitalieleza jambo moja kisha tuendelee. Newala iko juu na maji yako chini bondeni. Kwa hiyo nyumba nyingi zenye paa la bati zina kisima cha saruji kilichochimbwa uani, ambacho huyanywa maji ya mvua kupitia gata na kuyatunza kwa matumizi ya mwaka. Kiangazi kikifika mwisho, kisima hubaki kitupu kama chungu kilicholambwa.

Katika utupu huo ndipo Mama Dadi alipoanzisha lebo yake. Alishusha kipaza sauti kwa kamba, akamshusha mwimbaji kwa ngazi, kisha akaivuta ngazi juu, kwa sababu mbao zake hulia zikiachwa humo. Sauti iliyotoka chini haikufanana na ya studio yoyote ya mjini. Ilikuwa na kina, ilikuwa na ubaridi, na ilichelewa kufa.

Nyimbo za kwanza zilisafiri kwa memori kadi, mfukoni mwa waendesha bodaboda wa stendi ya Masasi na katika vibanda vya kuchajia simu. Wakubwa wa muziki walicheka kusikia kwamba kuna lebo inayofunga kazi mvua ikinyesha. Kisha ukaja wimbo wa Sabina uitwao "Kiu ya Mkunya", na kicheko kikakoma. Ulichezwa harusini, ukachezwa minadani, ukapigwa na redio za Mtwara, ukafika Dar es Salaam bila mtu kuubeba.

Ndani ya wimbo huo, nyuma ya sauti ya Sabina, kuna sauti nyingine, nzito, isiyo na maneno, inayomfuata nusu pumzi nyuma yake. Wasikilizaji waliiita "sauti ya chini". Walipouliza ni ya nani, Mama Dadi alijibu kwamba hiyo ni siri ya kazi.

Loyce alikuja Newala kwa ajili ya siri hiyo. Masharti yake yalikuwa mawili: wimbo wa pili uwe na sauti ya chini kama wa kwanza, na mwenye sauti hiyo apande jukwaani pamoja na Sabina. Moja likikosekana, hakuna mkataba, na mkataba ule ndio uliokuwa uitoe Kiangazi Rekodi uani na kuifikisha nchi nzima.

Wingu lilikuwa limeshasimama juu ya bonde la Ruvuma. Mvua ikianza, kisima kingejaa, na hakuna ambaye angeimba humo mpaka kiangazi kingine.

"Cheza," Mama Dadi alisema.

Nickson alibonyeza.

Sauti ya Sabina ilitoka kwenye spika, ikajaa uani. Ulikuwa wimbo mpya, "Mteremko wa Masasi", wimbo wa mwanamke anayewasindikiza wanaoondoka. Ubeti wa kwanza ulipita, na sauti ya chini ikamfuata kama kawaida. Ubeti wa pili ulipita. Kisha Sabina alinyamaza kuvuta pumzi, na katika kituo kile kifupi sauti ya chini haikunyamaza.

Ilikuwa sauti ya kijana wa kiume. Haikuimba. Ilisema, bila haraka, kama mtu anayemwita mtu aliye karibu:

"Chausiku, shusha ngazi."

Sabina aliziba masikio, akiwa amechelewa.

Loyce alitabasamu. "Nzuri sana. Nimewavulia kofia. Hii itawatetemesha watu mpaka Mwanza. Chausiku ni nani?"

Alimgeukia Nickson.

"Mwalimu, nakuuliza wewe. Chausiku ni nani?"

"Simjui. Katika lebo hii hatuna Chausiku."

"Na huyo kijana umemrekodi wapi?"

"Sikumrekodi."

"Kaka Nickson." Loyce aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakunja miguu vizuri. "Mimi kazi hii naijua. Kuna mtu alidai nyimbo zake anaoteshwa na bibi yake, kumbe anazinunua kwa jirani. Mizimu ya studio siku zote ina namba ya simu. Nipe ya huyu."

"Dada, mimi nilifundisha fizikia," Nickson alisema. "Nilikuwa nawachapa wanafunzi waliosema radi ni jogoo anayeshuka kutoka mawinguni. Unadhani ninapenda kukuambia haya?"

"Basi tujaribu kwa fizikia yako. Nataka kisima kitupu, hakuna mwimbaji, kipaza sauti peke yake. Sauti ikija, nitaamini. Isipokuja, mtaniambia mnamficha wapi."

Nickson alimtazama Mama Dadi. Mama Dadi alikuwa akitazama mfuniko wa kisima.

"Kwanza nishuke nikague," Loyce aliongeza.

"Shuka," Mama Dadi alisema. "Ila vua viatu. Hicho kisima tunakunywa."

Sabina alishindwa kujizuia. "Na shikilia sketi, dada. Huku Newala hata visima vina macho."

Ngazi ilishushwa. Loyce aliteremka peku, simu yake ikimulika. Walimsikia akigonga kuta za saruji kwa ngumi, upande mmoja baada ya mwingine. Alisema "haloo", na haloo yake ikamzunguka mara kadhaa kabla ya kumwacha. Alipanda haraka kuliko alivyoshuka.

"Kuna kipaza sauti na brashi kuukuu ya kusugulia," alitangaza. "Basi."

"Na baridi?" Sabina aliuliza.

"Na baridi," Loyce alikiri.

Nickson aliivuta ngazi juu na kuilaza kando ya kisima, kama ilivyo kanuni yao. Akawaomba wote wakae mbali na wasiseme. Mashine ikawashwa. Kwa muda fulani hakukuwa na jambo lolote uani isipokuwa kisu cha Mama January kikikwangua ming'oko, naye Nickson alipompungia mkono, kisu nacho kikanyamaza.

Kisha alizima, akarudisha nyuma, akacheza.

Spika ilitoa mvumo wa utupu. Mvumo uliendelea. Loyce alianza kuvaa kiatu kimoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha shinda.

"Chausiku," spika ilisema.

Kiatu kilibaki mkononi mwa Loyce.

"Chausiku, shusha ngazi. Maji yanakuja."

Ungo ulianguka mlangoni mwa jiko. Ming'oko ikatawanyika chini.

Mama January alikuwa amesimama. Ni mwanamke mfupi, mwenye sikio moja linalosikia vizuri na jingine linalosikia linapopenda. Alitoka Mkunya wiki ile kuja kumsaidia binti yake kuokota korosho, na hakuwahi kukaa karibu na mashine hizo. Alitembea hadi katikati ya ua huku kisu kikiwa bado mkononi.

"Nani amelitaja jina hilo?"

"Mashine, Mama," Nickson alisema.

"Mashine haikuzaliwa. Nauliza, nani amelitaja jina hilo hapa kwangu, mbele ya mwenyewe?"

Loyce aliinuka. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umefika tangu asubuhi, mwanangu, na salamu yako imekuja na mashaka." Hakumtazama. Alikuwa akimtazama binti yake. "Anjelina. Wageni wako hawajui. Waambie, kabla sijawatoza kuku."

Mama Dadi alilamba midomo iliyokauka.

"Chausiku ni mimi," alisema.

Hapa inafaa nieleze jambo, maana wengi wa mikoa mingine huwa hawalijui. Katika uwanda huu, msichana huingia unyagoni na jina moja na kutoka na jingine. Jina la utoto huachwa kule kule. Anjelina aliingia akiwa Chausiku, akatoka akiwa na jina la bibi yake mzaa mama, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita vinginevyo. Kumwita mtu mzima kwa jina aliloliacha ni tusi, na mwenye kutukana hulipa kuku. Wenzake wa rika hawalisemi. Mumewe aliishi naye na kufa bila kulijua. Mwanawe Dadi halijui hadi leo.

"Kwa hiyo ni nani anayelijua?" Loyce aliuliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Mama," Mama Dadi alisema. "Wenzangu wa rika, na wakubwa wachache wa Mkunya ambao bado wapo. Lakini hao wote walinisindikiza nilipotoka. Wanajua mimi ni Anjelina, hawawezi kukosea. Anayeweza kuniita Chausiku ni mtu aliyeondoka nyumbani kabla sijaingia unyagoni, akawa hakurudi kuambiwa."

Mama January alisema, "Nyamaza."

"Mama, umeniamuru niwaambie."

"Nilikuamuru uwaambie jina. Sikukuamuru uwaambie hayo."

Lakini Sabina alikuwa ameshaelewa. "Kaka yako," alinong'ona. "January."

Mambo yalikuwa hivi, na nitayapanga kama Mama Dadi alivyoyapanga.

January alikuwa mkubwa, Chausiku mdogo. Nyumba ile ilikuwa ya baba yao kabla mama hajahamia Mkunya, naye ndiye aliyekijenga kisima kile kwa mikono yake. Kila mwaka, kabla ya mvua, January alishuka na brashi kukisugua, na Chausiku akabaki juu kulinda ngazi. Naye, kwa kuwa alikuwa mtoto na alikuwa mtukutu, aliivuta ngazi juu na kukataa kuirudisha.

"Nilimwambia, imba kwanza," Mama Dadi alisema. "Akaimba. Nikamwambia, imba tena. Alikuwa akiimba huku anacheka, na sauti yake ilipanda hapa juu ikiwa imekuwa kubwa kuliko yeye. Mnadhani mimi nilisomea wapi kwamba kisima kinaimba? Lebo hii yote imetoka hapo. Akichoka ananiita, Chausiku, shusha ngazi. Nami namshushia."

Kisha January alikwenda Tunduru, kwenye mashimo ya vito, pamoja na vijana wengine wa Newala na Masasi. Wenzake walirudi mmoja mmoja. Wengine walisema amevuka mto kwenda Msumbiji. Wengine walisema ameoa huko huko. Wengine waliinamisha macho na kuomba maji ya kunywa.

Matanga hayakuwekwa. Mama January alikataa.

"Na bado nakataa," alisema sasa. "Ninapita sokoni, watu wananiita Mama January. Ninapita kisimani, Mama January. Kila siku ya Mungu jina lake linaitwa. Mtu anayeitwa kila siku amekufaje?"



Nickson, ambaye kwa tabia hupenda swali liwe na jibu, ndiye aliyeuliza kwa upole: "Mama, kisima chetu ni kikavu. Amesema maji yanakuja. Maji gani?"

"Wingu si lile pale?" Mama January alijibu upesi. "Anaona wingu."

"Yuko chini, Mama. Chini hakuonekani wingu."

Sabina aliketi kwenye mchanga. Alizungumza huku ameshika vifundo vya miguu yake.

"Mjomba wangu wa Chiwata alichimba Tunduru. Kule mtu anashushwa shimoni, halafu mwenzake anabaki juu na kamba au ngazi. Mjomba anasema kilichowatisha si giza. Mto ulipopanda, maji yaliingilia kwa chini, kupitia ubavuni mwa shimo. Wa juu hakuona kitu. Wa chini ndiye aliyejua. Wakati huo mtu aliye chini anamwita aliye juu. Sasa kama aliye juu amekwisha kukimbia..."

"Atamwita nani?" Loyce aliuliza.

Jibu lilikuwa limekaa kwenye kigoda mbele yao, limefunika uso kwa kanga. Angemwita yule ambaye kila mara alipomwita alishusha ngazi.

Radi ilinguruma mbali, upande wa Msumbiji. Upepo ulipita uani, ukapeperusha maganda ya ming'oko, na mabati ya nyumba yakalia kidogo.

Loyce alivaa viatu vyote viwili. Nataka tumtendee haki mwanamke huyu. Alisema kile alichotumwa kusema, bila kukificha.

"Mama Dadi, pole. Kwa moyo wote, pole. Lakini nikinyamaza nitakuwa sijakutendea wema. Wimbo huu, kama ulivyo, na sauti hiyo ndani yake, hakuna redio itakayoukataa. Sharti la jukwaani ninaliondoa mimi mwenyewe, papa hapa. Nitawaambia wakubwa zangu kwamba mwenye sauti hapatikani. Nipe wimbo niondoke kabla mteremko wa kwenda Masasi haujaloa. Kesho kutwa Kiangazi Rekodi itakuwa lebo ya taifa. Mvua ikikuwahi, umerudi kwenye memori kadi."

"Na maneno yale?" Nickson aliuliza. "Unataka tuyaache?"

"Maneno yale ndiyo wimbo."

"Wewe," Mama January alimwambia, "unataka kumzika mwanangu redioni, kati ya tangazo la sabuni na tangazo la simu?"

"Mama, umesema hajafa."

Kofi lisingeuma kuliko hilo.

Sabina ndiye aliyefuata, na alichosema hakuna aliyekitarajia.

"Mimi nasema upelekwe."

"Sabina," Nickson alisema.

"Usinikemee, Mwalimu. Nilikuwa wa kwanza kuogopa, najua. Lakini sikilizeni. Anaita, na anayemsikia ni nani? Sisi watano. Huenda anataka kusikiwa. Upigwe kila mahali, labda yule aliyekuwa juu ya shimo atausikia naye, popote alipojificha. Tena nami, Mama Dadi, niseme ukweli wangu. Chiwata wananiambia mwimbaji wa shimoni. Watoto wananiita Sabina Panya. Mkataba huu ukipotea, nitarudi kuokota korosho na kuambiwa nilitumwa na nani kuimba. Ninautaka. Siwezi kusema siutaki."

"Hakuna aliyekuambia useme," Mama Dadi alisema kwa upole.

"Basi amua. Ukiamua hapana, nitanyamaza. Lakini nitaumia."

Mama January alikuwa bado anamtazama binti yake. Kisu alikuwa amekishusha. Alipozungumza alizungumza polepole, kama mtu anayetafuta ngazi ya chini kwa unyayo gizani.

"Anjelina. Sauti hii imeanza leo?"

"Maneno yameanza leo, Mama."

"Sikuuliza maneno. Nimeuliza sauti."

Mama Dadi aliteremsha kanga usoni.

"Ilianza katika 'Kiu ya Mkunya'. Ilikuwa inaguna tu."

"Na ulipoisikia inaguna, hukujua ni nani?"

Bati lililia likipoa baada ya jua kujificha.

"Nilijua," Mama Dadi alisema.

"Ulijua."

"Siku ile ile, Mama. Kabla Mwalimu hajamaliza kurudisha nyuma. Nilijiambia ni mwangwi. Halafu watu wakaupenda wimbo, nikajiambia basi anatusaidia. Nikajiambia, kaka yangu amerudi kunijengea lebo."

"Alikuwa anaomba ngazi," Mama January alisema, "wewe ukampa memori kadi."

Nickson aligeuka upande. Loyce alitazama viatu vyake. Mama Dadi hakujitetea hata kwa neno moja, na hilo ndilo lililomfanya mama yake amsogelee, aketi kando yake juu ya kigoda kile kile, bega kwa bega.

"Nami je," mama alisema, sasa kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nimemweka shimoni miaka yote hii kwa sababu sikutaka kusikia kwamba ameingia. Kila aliyekuja kuniambia nilimpa maji akaondoka. Sisi wawili tulishika ngazi, mwanangu. Wewe upande wako, mimi upande wangu."

Tone la kwanza lilianguka juu ya mfuniko wa kisima, likaacha doa jeusi lenye ukubwa wa kikombe. La pili lilianguka juu ya ngazi.

"Gata," Nickson alisema, akainuka. Ni kawaida yao kwamba mvua ya kwanza hupitishwa nje, ioshe vumbi na maua ya mikorosho juu ya bati, kisha gata hugeuzwa kuelekea kisimani. Kichwa cha gata kilikuwa bado kimeelekea nje. "Kipaza sauti kiko chini. Nikitoe?"

"Mama Dadi," Loyce alisema, "nahitaji jibu."

"Wazee walisema sauti isiyo na mwili haiitikiwi," Mama January alimwambia binti yake sikioni, ingawa wote walisikia. "Aitikaye huifuata. Usiitike."

"Walisema pia jina la utoto haliitikiwi."

"Walisema."

"Basi nimekatazwa mara mbili."

"Mara mbili," mama alikubali. Aliukamata mkono wa binti yake, akaushika kwa nguvu, kisha, kidole kimoja baada ya kingine, akauachia. "Lakini yeye hakuwapo siku ile. Hakufundishwa jina jipya. Huwezi kumtoza kuku mtu ambaye hakuambiwa."

Mama Dadi aliinuka.

Alijifunga kanga kiunoni kwa fundo la kazi. Alikwenda kwenye mashine ya Nickson, akaitazama kwa muda, kama mtu anavyomtazama mnyama aliyemlea. Kisha akawageukia, wote wanne, wakiwa wamesimama kwenye matone. Alipozungumza hakupaza sauti, na kila mmoja alijua kwamba hakukuwa na mjadala tena.

"Nimeamua, nanyi mnisikie pamoja ili asije mtu akasema aliambiwa vingine.

"Wimbo hauendi Dar es Salaam. Dada Loyce, wewe huna kosa, na mlango huu uko wazi kwako kiangazi kingine, kama kitatukuta na la kuimba. Mwalimu, futa tulichorekodi leo, kisha uzime mashine. Kipaza sauti kiache huko huko chini. Kilicho kwake si changu tena. Sabina, deni lako kwangu ni kubwa na nalijua. Utaimba kwa mwingine kama ukitaka, nami nitakusindikiza mwenyewe hadi mlangoni pake. Mama, mtume mtu Mkunya sasa hivi. Awaambie ndugu kwamba matanga ya January yanaanza leo, na wasiniulize mwili uko wapi."

Mama January aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka bila uso wake kubadilika.

"Gata ligeuzeni kisimani, mvua hii hii ya kwanza, na vumbi lake. Hatutakunywa maji ya mwaka huu; ni ya January.

"Nami nashuka. Nitamwitikia kwa jina alilonijua nalo. Ngazi shusheni, na safari hii isivutwe juu, hata mbao zikilia, hata mvua ikizidi, hata mkisikia nini. Na atakayetangulia kupanda, awe mimi au awe yeye, mpeni mkono."